Sijamvua Baba Mkwe Koti

Makambako
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine uipokee ya mjukuu wako Babu Mdogo, ambaye amekaa hapa miguuni pangu anachora treni juu ya bahasha niliyoinunua kwa ajili yako. Ikikufikia ina moshi mweusi pembeni usidhani imeungua njiani. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umeiweka kabatini ikungojee uumwe zaidi? Na maharage ya bondeni, yalipona mvua? Niandikie yote, hata habari za kuku.

Sisi tu wazima. Baridi ya mwezi huu imetushika kwelikweli, asubuhi nafua nguo kwa vidole nisivyovisikia, lakini hakuna anayeumwa. Mkweo yuko safarini na lori la mbao, alipiga simu jana, anakusalimu sana.

Baba mkwe naye ni mzima. Hilo nimelipa aya yake ili ulisome mara mbili. Anakula, anacheka, anabishana na redio, na koti lake liko mwilini mwake.

Dada Rehema alinipigia juzi. Unazijua simu za huko kwetu. Nilisikia maneno matatu tu, mkwe, nguo, aibu, kisha ikakatika. Sikuhitaji la nne. Nilijua kwamba ya dukani yameshapanda gari, yamepita Njombe, yameteremka mpaka kwetu Mlangali, na kila kituo yameongeza mizigo. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Jambo hili halitaki simu ya kukatika katikati. Likikatikia mahali pabaya, nimekwisha.

Mama, sijamvua baba mkwe nguo. Nimemvua koti, ndiyo, na kofia ya chuma, pamoja na watu wengine wote waliokuwamo, lakini ni ndani ya gemu. Kaa chini nikueleze, na Dada akae pia, maana najua anakusomea huku amesimama ili awahi kwenda kusimulia.

Unamkumbuka Mama Shukuru, bosi wangu, mwenye duka la kompyuta karibu na njia panda. Chumba cha chini wanachapa barua na kupiga picha za pasipoti. Cha juu kina kompyuta za gemu, na huko ndiko kwangu. Gemu lenyewe ni dunia nzima ya matofali. Mtu anaingia, anakata miti, anachimba mawe, anajenga anachotaka, na wenzake wamo humohumo, wengine wamekaa hapa dukani, wengine wako majumbani kwao Njombe wanaingia kwa mtandao. Mashine inayoibeba dunia hiyo inaitwa seva, na mlinzi wake ni mimi. Sichezi. Nina dirisha langu la kuandikia amri. Mtu akitukana wenzake namtoa nje. Akipotea porini namvuta mpaka nyumbani. Giza likiwaingilia kabla hawajamaliza paa, naandika neno moja kunakucha. Mwambie Baba, yeye aliyekuwa akinisema kwamba napenda kuamrisha watu, sasa nalipwa kwa kazi hiyohiyo.

Baba mkwe alianza kuja dukani kuniletea mtoto. Tangu alipostaafu kazi ya reli na mguu kuanza kuvimba, alikuwa anashinda uani anaangalia ukuta. Siku moja akapanda ngazi polepole na fimbo yake, akaona kwenye skrini vijana wanajenga reli ya kutoka Makambako kwenda Liganga. Ndiyo, Liganga yetu ya chuma. Hata shimo lao la kuchimbia chuma wameliita hivyo. Akasimama nyuma ya kijana mmoja kwa muda mrefu, mwishowe akamwambia kona ile ni kali mno, treni itaanguka. Kesho yake alikuwa na kiti chake. Keshokutwa alikuwa na jina lake ndani ya gemu, lile alilopewa na wazazi wake, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo shida yangu ilipozaliwa. Jina hilo unalijua, Mama. Mimi mkamwana wake silitamki, kama ulivyonifundisha siku ile unanifunga kitenge cha kuagwa, na ndiyo maana hata mwanangu aliyelirithi tunamwita Babu Mdogo. Sasa fikiria, amri za seva zote zinataka jina. Mvute fulani. Mtoe fulani. Mpunguzie fulani. Na kila ninachoandika kinatokea kwenye skrini kubwa ya ukutani, na wateja wangu wana ugonjwa wa kukisoma kwa sauti. Najua utasema kuandika si kutamka. Nilijiambia hivyohivyo. Nikaandika herufi ya kwanza, kidole kikagoma.

Baba mkwe hupenda kuja asubuhi, kabla duka halijachangamka, anachimba njia ya reli peke yake. Mfuko wake ndani ya gemu unajaa mawe ya ovyo, na vidole vyake vinatetemeka, hawezi kuyatupa moja moja. Basi hunigeukia na kusema, "Mkamwana, nimelemewa." Ni maneno yaleyale anayosema akirudi sokoni na kapu, nami natoka mlangoni napiga goti nampokea. Kwenye seva ipo amri ya kumpokea mtu mzigo wake wote, unaandika clear kisha jina. Lakini kuna njia ya mkato. Badala ya jina unaweka @a, maana yake watu wote waliomo. Na asubuhi waliomo ni yeye peke yake. Kwa hiyo alikuwa analivua koti lake la ngozi, analiweka kwenye sanduku na vitu vyake vya maana, ananiita, naandika clear @a, mawe yanaondoka, anasema ahsante mwanangu. Nilijiona mjanja kweli. Heshima imekaa mahali pake na kazi imekwenda.

Sasa, Mama Shukuru alikuwa ameanza kuchoka na chumba cha juu. Alisema umeme kinakula kuliko kinavyorudisha. Akatuambia kuna mwalimu wa chuo cha ufundi atakuja Jumamosi jioni kuangalia. Kama reli itakuwa imefika Liganga na akaridhika kwamba vijana wameijenga kwa jasho lao, ataleta wanafunzi wake wajifunze hapa uendeshaji wa seva, na mimi ndiye nitakayewafundisha. Kama haikufika, kompyuta zinashushwa chini ziwe za kuchapa, na mimi nitafute viazi vya kuuza barabarani. Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi yenyewe, si ya jana bali ya kabla yake, nilikuwa Njombe. Shangazi yake mkweo, yule anayekaa mtaa wa Ramadhani, alikuwa ameugua kifua, nikasema niende asubuhi nimpikie, nirudi mchana kabla ya mwalimu. Nilikuwa jikoni kwake namenya viazi, simu ikaita.

"Mkamwana, nimelemewa."

Nikafuta mikono kwa khanga, nikafungua dirisha la amri kwenye simu, nikaandika kama ninavyoandika siku zote, nikarudia viazi vyangu. Nikatupia jicho jibu. Siku zote seva hujibu kwamba imeondoa vitu kwa mtu mmoja. Safari hii ilisema watu wengi. Idadi siandiki.

Ipo amri nyingine fupi, list, inayokuonyesha nani yumo. Ni neno moja tu, Mama. Sikuliandika, kwa sababu asubuhi kwangu ni baba mkwe na baba mkwe ni asubuhi. Kumbe vijana walikuwa wamemwomba Mama Shukuru awafungulie mapema ili wamalizie kipande cha mwisho. Wote walikuwamo, na chuma chote walichokichimba kwa wiki kadhaa walikuwa wamekibeba mifukoni tangu jana yake tayari kwa kutandaza reli. Na clear haichagui. Inachukua kilicho mfukoni, kilicho mkononi na kilicho mwilini. Makoti yakaenda, hata la baba mkwe, ambaye kwa haraka ya siku hiyo hakuliweka sandukuni, kofia za chuma zikaenda, viatu vikaenda.

Ujumbe wa kwanza uliotokea ulikuwa wa Faraja, fundi cherehani mmoja hapa mjini ambaye ndiye kiongozi wao: "Chuma chetu kiko wapi?" Wa pili, wa mwenzake, ulisema: "Mbona tuko uchi?" Huo wa pili ndio uliofika kwenu Mlangali. Hawakuwa uchi, nakuapia, walikuwa na mashati na suruali zilizochorwa. Lakini neno likishatoka dukani nani atalikimbiza?

Dada atauliza kwa nini nisiwape chuma kingine, kwani amri ya kugawa si ipo. Ipo. Lakini sheria ya kwanza waliyoiweka wenyewe ni kwamba hakuna cha bure, na mwalimu alikuwa anakuja kuangalia hilohilo. Ningegawa, wangejua, naye angejua.

Tumaini lilikuwa moja. Kila mashine inapowashwa asubuhi, kabla ya kitu chochote, inajinakili yenyewe, dunia yote pamoja na mifuko ya watu ilivyokuwa jana. Nilijipangia hivyo kwa sababu umeme wa huku unaondoka bila kuaga. Lakini nakala ni moja tu. Mashine ikiwashwa upya, ile ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa juu yake. Na wewe unawajua watu na kompyuta, dawa yao kwa kila ugonjwa ni moja: zima, washa. Wakifanya hivyo, nakala yangu nzuri inafutwa na kuandikwa nakala ya watu wenye mifuko mitupu, na habari imekwisha.

Nilimpigia baba mkwe. Nikasema, "Baba, mashine isizimwe. Mtu yeyote asiiguse mpaka nifike." Akasema sawa, akakata simu. Hakuuliza hata neno moja.

Shangazi aliniona nilivyo akasema nenda, viazi vitaiva bila wewe. Nikapata msaada wa pikapu ya mtu aliyepakia parachichi, nikakaa mbele na kreti miguuni. Njia nzima nilikuwa nasikiliza mashine za kusaga. Kila kijiji tulichopita nilishusha kioo. Ikisikika mashine inasaga, umeme upo, moyo unatulia kidogo. Maana ukikatika Makambako ukarudi, ni zima-washa tu bila mtu, na betri ya dukani ya kushikilia umeme imekufa tangu masika. Kuna kijiji kimoja palikuwa kimya. Nilimwomba dereva asimame. Akaniuliza kama nataka kununua unga. Nikamwambia nataka kusikia. Yule baba aliniangalia vibaya, lakini akasimama, na baada ya muda mashine ikaanza kunguruma. Kumbe msagaji alikuwa anabadilisha gunia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, dereva akaongeza mwendo ili anishushe haraka.

Dukani nilisikia makelele tangu ngazini. Nilipoingia, baba mkwe alikuwa amekaa mgongo kwa mashine, kiti kimeibana ukutani, fimbo ameilaza juu ya magoti. Vijana wamesimama mbele yake wamekasirika, Mama Shukuru yuko katikati jasho linamtoka kwenye baridi ile. Faraja ndiye aliyenieleza. Walitaka kuizima waiwashe, na bosi alishakubali. Baba mkwe akavuta kiti. Wakamwambia Mzee tupishe, dunia yetu inapotea. Akajibu, "Mkamwana kasema isizimwe." Wakamuuliza kwa nini. Akasema, "Sijui. Kasema."

Mama, nimeishi katika nyumba hiyo miaka yote hii nikijiuliza kama ananihesabu mtu au ananihesabu mke wa mwanawe. Siku hiyo nilijibiwa na mtu ambaye hata hakujua anaulizwa nini.

Nikapita, akasogeza kiti. Nilisimamisha seva bila kuzima mashine. Dunia yao nikaiacha ilivyo, nikaichukua mifuko tu kutoka kwenye nakala ya asubuhi, nikairudisha mahali pake, nikaiamsha seva. Nikawaambia waingie. Wakaingia kimya kama watu wanaoingia kwa mgonjwa. Faraja akafungua mfuko wake, akauangalia, akasema polepole, "Kipo." Kisha mwingine naye akasema kipo. Nilikaa chini sakafuni nikalia, halafu nikacheka, halafu Mama Shukuru akaniletea chai yenye tangawizi nyingi mno nikainywa yote.

Walichopoteza ni kile walichochimba asubuhi ile tu. Niliwaeleza wazi kwamba kosa ni langu, wala si la mashine. Basi Faraja akauliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini niliandika wote? Si ningeandika jina la Mzee tu? Na akalitaja, jina kamili, kwa sauti, kama linavyotajwa na mtu ambaye hakuolewa nalo. Mimi niliangalia kikombe. Mama Shukuru, ambaye naye ni mkamwana wa watu, aliangalia dirishani. Baba mkwe akainua macho kwenye ile skrini kubwa ambako amri zangu zote za siku nyingi zimejipanga, clear @a, clear @a, akazisoma kwa muda. Akakohoa. Akashika fimbo akashuka ngazi.

Mwalimu alikuja jioni. Reli ilikuwa bado kidogo, kwa sababu ya kile chuma cha asubuhi, basi vijana wakateremka shimoni kuchimba yeye akiangalia, na nadhani hilo ndilo lililomvutia kuliko kama angekuta imekwisha. Treni ikatoka Makambako, ikapinda ile kona iliyorekebishwa na baba mkwe, ikafika Liganga. Wakapiga makofi mpaka wa chini wakapanda kuuliza kuna nini. Wanafunzi wanaanza mwezi ujao. Chumba cha juu kinabaki, na mimi nabaki nacho.

Sasa lile ninalotaka ulisikie kwangu mwenyewe. Jumatatu baba mkwe aliwahi kuliko siku zote, akamsubiri Faraja, wakanong'onezana kwenye kompyuta yake. Nikasikia Faraja anamwonya kwamba kwenye seva yetu jina jipya ni mtu mpya, ataanza na mfuko mtupu, hata koti atalikosa. Akasema anajua. Nikasogea, nikamwambia Baba, hakuna haja, mimi sasa natumia list kila mara. Hakunigeukia. Alisema tu, "Jina nalo ni mzigo, mkamwana. Huu nautua mwenyewe."

Kwenye skrini ya ukutani pakaandikwa kwamba kuna mtu mpya ameingia, anaitwa Mlangali.

Akanieleza baadaye, anakwangua fimbo yake kama hana habari, kwamba alitafuta jina ambalo mimi nalitamka kila siku bila kuogopa, na hakupata lingine. Alisema namtajia Mlangali tangu aliponipokea, mahindi ya Mlangali, maharage ya Mlangali, mama yangu wa Mlangali, mpaka alishachoka kulisikia, basi afadhali aitikie. Nilikwenda kuwasha jiko ambalo lilikuwa linawaka.

Asubuhi ya leo kabla ya ibada tulipita dukani, alitaka kuangalia njia yake ya reli. Nikasikia nimelemewa. Nikaandika clear, nikaandika na jina, herufi zote, kidole hakikugoma. Mlinzi wa getini, aliyekuwa amekuja kuota moto, akalisoma kwa sauti. Kisha baba mkwe akapotea shimoni kama kawaida yake, na mimi nikaita kutoka upande wa pili wa chumba, Mama, kwa mdomo wangu, kwa sauti ya kuita mtu: Mlangali, subiri, nakuvuta nyumbani. Akaitika.

Nisalimie Baba, na umwambie mwenzake wa huku anamkaribisha apande treni. Nisalimie Bibi, umsomee barua hii polepole na usiruke pa kuchekesha. Dada Rehema namsalimu, naye aende akawaambie hili kila alikopita na lile la kwanza. Yule mama wa kwaya yenu, ambaye najua ndiye aliyeleta habari kutoka stendi, mpe shikamoo yangu, na umwambie koti limepatikana: baba mkwe amechuna ng'ombe wa kwenye gemu akashona jingine.

Chua magoti.

Mimi mwanao, ninayeandika jina la kwetu ukutani kila asubuhi,
Upendo